Upanga Uliofungwa Katika Nguo

Somo: 1 Samweli 21:1-9 na 22:20-23



Daudi alipomkimbia mfalme Sauli alifika mji wa Nobu kwa kuhani Ahimeleki, naye hana chakula wala silaha. Akaomba mikate mitano, akapewa mikate mitakatifu iliyoondolewa mbele za Bwana. Kisha akauliza kama hapana mkuki au upanga hapo, akitoa sababu ya uongo, kwamba shughuli ya mfalme ilimharakisha. Kuhani akamjulisha ya kuwa upo upanga mmoja tu: ni ule wa Goliati Mfilisti, ambaye Daudi mwenyewe alimwua katika bonde la Ela, nao umefungwa katika nguo na kuwekwa nyuma ya efodi. Daudi akautaka huo, akaenda zake nao.

Habari hii twaisoma mara nyingi kwa ajili ya mikate, kwa kuwa Bwana Yesu mwenyewe aliitaja mikate hiyo alipowajibu Mafarisayo kwa habari ya sabato. Upanga twaupita kama mtu apitaye mlango uliofungwa. Mwezi huu na tusimame hapo, tuifungue nguo ile, tutazame kilichomo.

Vita ikiisha, silaha haziishi. Katika Vita Kuu ya pili Wamarekani zaidi ya milioni 16 walivaa nguo za askari, na wengi wao walipelekwa kupigana na Wajapani katika visiwa vya bahari ya Pasifiki. Waliporudi kwao, mwaka 1945 na 1946, wengi walichukua kitu cha ukumbusho: bendera, upanga, noti za fedha, na bunduki. Wengine walipewa na wakubwa wao cheti chenye sahihi, kwamba wameruhusiwa kuichukua. Basi bunduki ile ikafika nyumbani, tuseme shambani Minnesota au Nebraska, ikatiwa darini, imefungwa katika blanketi. Mwenyewe hakuisema sana. Miaka ikapita; yule kijana akawa baba, akawa babu, akafa. Watoto wanapokuja kugawana vyombo vya nyumba, katikati ya viti na sahani na saa ya ukutani, wanafungua blanketi, na kumbe, bunduki ya Mjapani.

Mtauliza, Yatuhusu nini sisi? Kwanza, wengi wa watu hao ni ndugu zetu hasa. Katika mikoa ile Walutheri ni wengi, watoto wa watu waliotoka Ujerumani, Sweden na Norway. Tena ni Walutheri wa Marekani, hasa wa kanisa la Augustana, waliokuja kusimamia kazi ya Injili katika Tanganyika wakati vita ile ile ilipotuondolea wamisionari Wajerumani. Mtu aliyekutunza ulipokuwa yatima, huwezi kusema shida ya nyumbani kwake haikuhusu. Na la pili ni hili, kwamba watu wetu pia walikuwako mbele ya bunduki zile. Hilo nitalirudia.

Tuitazame bunduki yenyewe, maana ina mambo ya kusomwa. Huitwa Arisaka, kwa jina la afisa Mjapani aliyesimamia kuundwa kwa ile ya kwanza ya ukoo wake. Ziko za namna mbili zilizo nyingi. Ile ya mwaka 1905 ni ndefu mno, karibu sentimeta 128 kabla ya kutiwa singe, na risasi yake ni ya milimeta 6.5. Ile ya mwaka 1939 risasi yake ni ya milimeta 7.7. Kitako chake kimeungwa kwa vipande viwili vya mti, ili mti mwema usipotezwe. Na zile za mwisho wa vita zimetengenezwa kwa haraka na kwa umaskini, utaona alama za tupa juu ya chuma, kama kazi ya fundi ambaye nyumba yake inaungua. Nyingine zina alama ya msumeno ubavuni: askari wa Marekani aliukata mti chini ya mtutu ili bunduki ipate kuingia katika mfuko wake wa turubai.

Lakini alama iliyo kubwa i juu ya chuma, pale mtutu unapoanza: ni ua lenye petali 16, muhuri wa mfalme wa Japani. Maana yake bunduki ilikuwa mali ya mfalme, na askari aliyeishika aliishika kwa amana. Wajapani walipokubali kushindwa, wakatia sahihi tarehe 2 Septemba 1945 juu ya manowari Missouri katika ghuba ya Tokyo, bunduki nyingi zilitolewa zikiwa zimesagwa ua lile, au limepigwa alama ya kulifuta, lisiingie mikononi mwa adui. Kwa hiyo watu wajuao mambo haya humwambia mrithi: Ukiliona ua limefutwa, inaelekea baba yako aliichukua katika chungu ya silaha zilizosalimishwa, vita imekwisha, hakuna aliyeumia. Bali ukiliona ua zima, inaelekea iliokotwa vitani, karibu na mtu aliyekufa. Si kanuni ya daima. Maana nyingine zilichukuliwa baada ya vita na ua zima lake. Lakini fikirini mtu amesimama darini kwa baba yake, amekwisha mzika juma lililopita, anapitisha kidole juu ya chuma baridi, akitafuta kama petali zipo. Hilo analolitafuta si habari ya bunduki. Anataka kujua kama mikono iliyombeba alipokuwa mtoto ilimwua mtu.

Na baba hayupo wa kuulizwa.

Hapo ndipo Ahimeleki anapotufundisha. Angaliweza kusema, Upo upanga, chukua. Lakini alitaja mambo matatu: jina la mwenye upanga, jina la aliyemwua, na mahali palipofanyika jambo hilo. Goliati, wewe, bonde la Ela. Wala hakumtukana Goliati. Hakumwita mbwa, wala hakumsifu Daudi kwa maneno mengi. Alisema ilivyokuwa. Upanga ulikuwa katika nguo, lakini habari yake haikuwa katika nguo.

Baba zetu wengi walifanya kinyume: waliacha chuma, wakaficha habari. Nasema baba zetu, si wa Marekani peke yao. Mwaka 1944 wana wetu wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, askari wa Keya na wenzao, walikuwa Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki. Wakati wa mvua kuu walishuka bonde la Kabaw kutoka Tamu, matope yakifika magotini na malaria ikiwaangusha, wakiwafuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma. Wakafika Kalewa, wakauvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba. Bunduki zilizowalenga toka vichakani ni hizi hizi. Na kabla yake, tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives, wakafa watu zaidi ya 1,200, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Makaburi ya hao waliokufa maji hayapo. Waliorudi wakiwa hai walirudisha bunduki za serikali, wakaja na koti, medali, na akiba kidogo. Katika nyumba zetu hamna Arisaka darini. Lakini kimya kile kile kimo. Ni watoto wangapi waliojua tu ya kwamba baba alikuwa Burma, na kwamba usiku alipiga kelele, na kwamba haikufaa kumwuliza?

Zamani katika makabila yetu mengi mtu aliyeua vitani hakuruhusiwa kuingia kwake na kula pamoja na wenzake mpaka ametakaswa. Wengine wetu tuliposoma Injili tuliyahesabu hayo kuwa giza tupu. Basi someni Hesabu 31:19-24. Ni sura ngumu, yenye kuua kwingi, nami sitajifanya kwamba naielewa yote. Lakini angalieni jambo hili moja. Askari waliorudi wakiwa wameshinda, waliambiwa wakae nje ya kambi siku saba. Nao hawakutakaswa peke yao: kila chombo cha nyara kiwezacho kustahimili moto, dhahabu, fedha, shaba, chuma, bati na risasi, kilipitishwa motoni, kisha kikatiwa maji ya utakaso. Mungu alijua ya kuwa kitu kilichotwaliwa vitani hakiingii nyumbani hivi hivi tu. Kinaingia na mtu mwingine. Meli zilizowarudisha Wamarekani hazikuwa na siku saba za kukaa nje ya kambi. Wiki moja kijana yuko penye maiti, miezi michache baadaye anakamua ng'ombe wa baba yake, na watu wanamwambia amerudi salama.

Mchungaji aulizwe nini na mtu kama huyo? Mwaka 1526 Martin Luther aliandika kitabu kizima cha kujibu swali kama askari naye aweza kuwa katika hali ya wokovu, kwa ajili ya afisa mmoja ambaye dhamiri ilimsumbua. Alijibu kwamba aweza. Kazi ya kuwalinda watu kwa upanga yaweza kuwa kazi ya upendo. Walakini hakusema kila vita ni ya haki, wala hakumruhusu mtu kupigana katika vita ajuayo hakika kuwa ya dhuluma. Na katika Katekisimo Ndogo, alipoieleza amri ya tano, hakukoma katika kukataza kuua, bali alitutia deni la kumsaidia jirani katika shida zote za mwili wake. Basi askari Mkristo aliyempiga adui anabaki na deni hilo kwake. Amri haikufa pale adui alipoanguka. Kama hawezi kumsaidia tena mwilini, je, hawezi hata kumkumbuka kuwa alikuwa mtu?

Nasema hivi kwa kuwa naona hatari mbili katika urithi wa namna hii, na moja yaonekana kuwa njema.

Hatari hiyo ni ya Gideoni. Aliposhinda Wamidiani hakutaka ufalme, alisema vema kwamba Bwana ndiye mtawala; lakini aliomba pete za nyara, zikapata uzito wa shekeli 1,700 za dhahabu, akafanya efodi, akaiweka katika mji wake Ofra. Labda alitaka ukumbusho tu. Israeli wote wakaiendea kwa uzinzi, ikawa tanzi kwa Gideoni na nyumba yake (Waamuzi 8). Hata nyoka ya shaba, ambayo Musa aliifanya kwa amri ya Mungu, ilifikia kufukiziwa uvumba, mpaka Hezekia akaivunja. Bunduki ikitundikwa juu ya meko, ikapakwa mafuta kila Jumamosi, watoto wakainuliwa kuitazama, na babu ambaye maisha yake yote alikataa kuisema akafanywa shujaa wa hadithi asizozisimulia yeye, hapo efodi ya Ofra imesimama tena. Kwanza mjukuu wa kwanza husema labda. Wa pili husema nadhani. Wa tatu anakuwa na hakika, tena anajua babu aliua wangapi.

Hatari ya pili ni kuiuza upesi kwa mtu yeyote, au kuitupa, ili moyo upumzike. Sisemi kuuza ni dhambi. Lakini wengine wanauza kama mtu azimaye taa ili asiione nyumba ilivyo.

Natukumbuke ya kwetu pia, maana sisi tunajua uchungu wa upande wa pili. Tarehe 17 Agosti 1891 huko Lugalo Wahehe walilipiga jeshi la Wadachi, wakamwua mkuu wake Zelewski, wakatwaa bunduki nyingi sana na mizinga. Nazo zilikuwa nyara ndani ya Iringa, kama Arisaka ilivyo ndani ya Nebraska. Mwaka 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka, na mwaka 1898 Mkwawa alijiua asishikwe; kichwa chake kikakatwa, fuvu likapelekwa Ujerumani. Kitu cha ukumbusho! Likadaiwa hata katika Mapatano ya Versailles ya mwaka 1919, kifungu cha 246, wala halikurudi mpaka tarehe 9 Julai 1954, Gavana Twining alipolileta Kalenga kutoka jumba la makumbusho la Bremen. Miaka 56 fuvu la baba wa watu lilikaa kama kitu kati ya vitu. Watu wa Yabeshi-Gileadi walitembea usiku kucha kuushusha mwili wa Sauli ukutani Bethshani (1 Samweli 31), na silaha zake Wafilisti walikwisha kuziweka katika nyumba ya Maashtorethi. Nyara ya mmoja ni msiba wa mwingine. Ukitaka kujua kama jambo hilo ni kweli, usimwulize aliyechukua.

Kwa bunduki, kurudisha ni vigumu. Ina namba ya kiwanda, si jina la askari. Tena sheria ya Japani ya mwaka 1958 yakataza mtu kuwa na bunduki pasipo ruhusa, na ruhusa hizo ni chache. Lakini mara nyingi ndani ya blanketi ile ile mna kitu kingine: bendera nyeupe yenye duara jekundu, imeandikwa pande zote kwa wino. Ndiyo bendera ambayo jamaa na majirani walimwandikia kijana alipokwenda vitani, naye aliivaa mwilini chini ya nguo. Hiyo ina majina. Huko Oregon kuna mume Mmarekani na mke Mjapani walioanzisha mwaka 2009 chama kiitwacho OBON Society, na kazi yake ni kuzitafutia bendera hizo jamaa zao. Babu wa mke yule alikufa Burma. Bendera yake ilirudi kwao baada ya zaidi ya miaka sitini, na nyumba ile haikuwa imepokea hata mfupa mmoja. Burma, ndugu zangu. Huenda aliyempiga babu yule hakuwa Mwafrika, sijui, wala haifai kubuni. Lakini walioanguka huko kutoka kwetu, ambao majina yao yamechongwa katika mawe ya Taukkyan karibu na Rangoon pamoja na ya wenzao wa nchi nyingine, wanalala katika udongo ule ule pamoja naye.

Na kuna jambo jingine ambalo Mlutheri mwenye kurithi yapasa alijue. Katika bunduki hizo nyingine zina alama ya duara nne zilizoingiliana, ndiyo ya kiwanda cha Tokyo na baadaye cha Kokura, katika kisiwa cha Kyushu. Tarehe 9 Agosti 1945 ndege iliyochukua bomu la pili la atomiki ilitumwa kwanza Kokura, kwa sababu ya kiwanda kile cha silaha. Wingu na moshi vikaufunika mji. Ndege ikazunguka, isione, ikaenda Nagasaki. Na kisiwa hicho cha Kyushu ndicho ambamo Walutheri wa Marekani walianza kuhubiri katika Japani: ibada ya kwanza ilikuwa mji wa Saga, siku ya Pasaka, tarehe 2 Aprili 1893. Kwa hiyo kanisa moja lilituma huko wahubiri, na wajukuu wa kanisa hilo walikutana na wajukuu wa wasikilizaji wao katika visiwa vya Pasifiki, kila mmoja na bunduki yake. Nimelifikiri jambo hili kwa siku nyingi, na sina neno la kulifunika.

Sasa, mrithi afanye nini? Kwanza lililo la mwili, maana Mungu hapendi tumjaribu. Asiivute kifyatuo wala kuielekeza kwa mtu kwa mchezo; ampe fundi wa bunduki aifungue komeo na kutazama kama risasi imesalia ndani. Bunduki iliyolala miaka mingi haijasahau kazi yake. Asithubutu kuipiga, maana Wajapani walitengeneza pia bunduki za kufundishia vijana ambazo zafanana na za kweli, lakini chuma chake hakiwezi kuistahimili risasi ya vita, nayo humpasukia ashikaye. Kisha aangalie sheria ya nchi yake, afungie vema, funguo zisiwe mahali watoto wapajuapo. Kwetu Tanzania, mtu akikuta silaha yoyote katika vitu vya marehemu, asikae nayo hata usiku mmoja kwa kuwa ni ya babu: aende polisi.

Kama ndugu wanaigombea, wasome Luka 12, jinsi Bwana alivyokataa kuwagawia urithi wale wawili. Nami sitaongeza.

Kisha lililo la roho. Mrithi aandike karatasi, aiweke pamoja na bunduki, kama Ahimeleki alivyoweka maneno pamoja na upanga. Aandike jina la baba na mahali alipopelekwa, kama anapajua. Na baada ya hapo aandike wazi kwamba huyu aliyekuwa nayo kwanza alikuwa mtu, alikuwa na mama, na jina lake halijulikani. Kama hajui baba aliipataje, aandike kwamba hajui. Kufanya hivyo kwa uaminifu ni kazi nzito kuliko kupaka mafuta. Akiisha, anaweza kuipeleka katika jumba la makumbusho, au kuikabidhi ikatwe, au kuitunza. Katika hayo Maandiko hayamfungi. Nikiulizwa mimi, ningalipenda ikatwe, ila najua wazee wenye busara wasiokubaliana nami, nao wanasema chuma kilichokatwa hakisemi tena na watoto.

Turudi Nobu, maana habari haikuisha Daudi alipotoka na upanga. Doegi Mwedomi alikuwako siku ile, akaona. Akamwambia Sauli ya kuwa kuhani alimpa Daudi chakula na upanga wa Mfilisti. Sauli akawaita makuhani wa Nobu, akamwuliza Ahimeleki juu ya mkate na upanga, naye akajibu kwa unyofu. Siku hiyo Doegi aliwaua makuhani 85, kisha mji wao, wanawake kwa wanaume, watoto na wanyonyao. Upanga ule uliotwaliwa bonde la Ela kwa ushindi ulioimbwa na wanawake wa Israeli, ulikaa miaka katika nguo kimya, na ulipotoka ukaivuta nyumba nzima kaburini, pasipo hata kupiga pigo moja.

Mtu mmoja aliokoka, Abiathari mwana wa Ahimeleki, akamkimbilia Daudi akamweleza. Hapa Daudi angaliweza kusema mengi. Angaliweza kumlaumu Doegi, na ilikuwa haki. Angaliweza kumlaumu Sauli, na ilikuwa haki zaidi. Yeye alikiri ya kwamba siku ile alimwona Doegi pale, akajua atapeleka habari. Na ya kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa sababu ya kufa kwa nyumba yote ya baba yake Abiathari. Mtu mwenye upanga mkononi alimwambia hayo yatima aliyesimama mbele yake. Kisha akamwomba akae kwake, asiogope, maana waliomtafuta mmoja walimtafuta na mwingine, na kwake atalindwa.

Na Abiathari akakaa. Alikuja na efodi mkononi, ile efodi ya makuhani (1 Samweli 23:6), akawa kuhani wa Daudi miaka yote ya kutangatanga na ya ufalme. Upanga wa Goliati, baada ya hapo, Maandiko hayautaji tena mahali popote.